Alama 73: kisa cha mwanafunzi rubani na karatasi yake ya mtihani

Alama 73 ni alama ya kufaulu. Mtihani wa maandishi wa leseni ya rubani binafsi nchini Marekani una maswali 60, kila swali lina majibu matatu ya kuchagua, na mwenye 70 kwa mia kwenda juu amepita. Mwanafunzi ninayemwandika hapa alipata maswali 44 kati ya 60. Alipita bila utata wowote. Hata hivyo, nilipompigia simu jioni ile sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama kuna namna ya kuifanya karatasi ile isionwe na mtahini.

Hakuna namna. Sheria ya usafiri wa anga ya Marekani, kifungu 61.39, inamtaka anayekwenda kufanya mtihani wa vitendo awe na ripoti ya mtihani wa maandishi mkononi, pamoja na sahihi ya mkufunzi inayothibitisha kwamba yale aliyoyakosa yamepitiwa upya na sasa anayajua. Mtahini naye, katika sehemu ya mdomo, hana hiari: yale yaliyokosewa lazima ayaguse. Kwa hiyo karatasi anayotaka kuificha ndiyo ya kwanza kuwekwa mezani.

Mhusika mwenyewe ni mzaliwa wa Tanga, ana miaka ishirini na kitu, anaishi kaskazini mwa Dallas, Texas. Usiku anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, asubuhi analala, alasiri anakuja uwanjani. Anajisomesha kwa mshahara wake, na kuruka kwake kunafuata mshahara huo: wiki nyingine anaruka mara mbili, wiki nyingine haonekani kabisa. Mimi ni mkufunzi wake. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike, na yeye amesoma andiko hili akaridhia.

Kwenye ndege ana mkono mzuri. Tunatumia Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, na alipofika hatua ya kuruka peke yake sikuwa na wasiwasi naye. Anaitua ndege taratibu, hapigani na usukani, na akiharibu anajua kurudi juu na kujaribu tena bila kusubiri niseme. Ndiyo maana alama ile ilimchoma. Angekuwa mwanafunzi wa kusuasua angeshukuru Mungu na kwenda zake.

Mama yake kule Tanga alipoambiwa alisema, "Si umefaulu, mwanangu? Sasa shida iko wapi?" Kwa mizani ya nyumbani mama alikuwa sahihi kabisa: kidato cha nne, 73 ni B, na inakosa alama 2 tu kuwa A. Lakini binti alikuwa akijipima kwa wenzake wa pale shuleni, wanaotoka kwenye chumba cha mtihani na 92 au 96 na kuitaja kabla hawajaulizwa. Halafu wapo marubani wazee wenye utani wao, kwamba 70 ndiyo alama bora kuliko zote kwa sababu kila kilichozidi ni jasho la bure. Alipousikia utani huo alicheka kidogo, haukumsaidia.

Mimi nilikuwa na jambo jingine lililonisumbua kuliko hiyo 73. Siku chache kabla ya mtihani, kwenye mitihani ya mazoezi ya programu ya simu, alikuwa anapata 94. Nilikuwa nimeziona kwa macho yangu. Mtu wa 94 hashuki hadi 73 kwa bahati mbaya tu. Alama 21 zilikwenda mahali, na kabla ya kupanga dawa nilitaka kujua ni wapi.

Zilikokwenda alama 21

Maelezo matatu yalikuwa mezani, na kila moja lilikuwa na mtetezi wake.

La kwanza ni uchovu. Alifanya mtihani saa nne asubuhi akitokea kazini, bila kulala. Hili alilileta mwenyewe, na lilikuwa na uzito. Mtu aliyekesha anageuza wazee vitandani hana kichwa cha kusoma jedwali la petroli.

La pili ni lugha. Mtihani uko kwa Kiingereza, na maswali ya sheria yameandikwa kwa ule mtindo wa kukanusha mara mbili, mpaka mzaliwa wa Texas mwenyewe anarudia kusoma. Hili lililetwa na rafiki yake, Mkongo anayesoma shule hiyohiyo, ambaye alipita kwa shida yeye pia na ana hasira na mtihani mpaka leo.

La tatu ni namna alivyosoma.

Ripoti ya mtihani haikuonyeshi maswali uliyokosa. Inakupa alama na orodha ya kodi (si kodi ya pesa, ni vifupisho vya herufi na namba), na kila kodi inaelekeza kwenye kipengele kimoja cha kitabu cha viwango cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Kodi za rubani binafsi zinaanza na PA, halafu namba ya Kirumi, halafu herufi ya mada. Katika sehemu ya maandalizi ya safari, A ni sifa za rubani, B ni uzima wa ndege, C ni hali ya hewa, D ni kupanga safari, E ni mgawanyo wa anga, F ni uwezo na mipaka ya ndege, G ni mifumo yake, H ni mambo ya mwili na akili ya rubani. Kodi moja inaweza kusimamia zaidi ya swali moja lililokosewa, kwa hiyo usihesabu kodi ukadhani umehesabu makosa. Yeye alikosa maswali 16, lakini kodi zilikuwa 11: tano za E, tatu za F, na moja moja za A, B na C. D, G na H hazikuwa na hata kodi moja.

Mpangilio huo ulitosha kuniambia mengi. Uchovu hauchagui mada. Mtu aliyechoka anakosea huku na kule, anakosea hata swali la kabureta analolijua tangu wiki ya kwanza. Huyu maswali ya injini, umeme na ala aliyapata yote. Kwa hiyo kukesha kulimpunguzia alama, sikatai, lakini si chanzo.

Lugha nayo ilianguka kwa sababu kama hiyo. Maswali yenye maneno mengi na ya kutatanisha ni ya sheria na sifa za rubani, na huko alikuwa na kodi moja tu. Maswali ya anga yana maneno machache sana: unapewa ramani, unaonyeshwa sehemu, unaulizwa anga hii inaanzia futi ngapi. Hapo hakuna Kiingereza cha kumkwaza mtu anayeandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza kila usiku.

Tukabaki na namna ya kusoma, na hiyo nilitaka kuiona kwa macho. Nikachukua maswali 20 kutoka programu ileile, yote ya E na F, yote ambayo alikuwa akiyapata kwenye mazoezi. Nikayafunika majibu kwa karatasi nyeupe. Nikamwambia, "Soma swali, unipe jibu kwa mdomo wako, halafu ndipo nifunue."

Alipata 11.

Tulipofunua yale 9 yaliyobaki, kila mara alisema, "Aa, ni hilo la katikati, nalijua." Alikuwa analitambua jibu akiliona. Kulitoa mwenyewe hakuweza. Programu ya simu humpa mtu maswali yaleyale mara nyingi kiasi kwamba jicho linazoea umbo la jibu: lile refu, lile lenye 1,200 ndani yake. Kwenye chumba cha mtihani FAA walibadilisha sehemu ya ramani na namba za jedwali, umbo likapotea, na 94 ikapotea nalo.

Hesabu ambayo hakuipenda

Nilimfanyia hesabu moja ubaoni. Maswali yana majibu matatu, kwa hiyo anayebahatisha kabisa hupata, kwa wastani, moja katika kila matatu. Chukua mtu anayejua kwa hakika maswali 36, halafu yale 24 yaliyobaki anayapiga ramli. Atavuna kama 8 ya bure. Jumla ni 44, na 44 kati ya 60 ni 73.

Kwa maneno mengine, 73 kwenye karatasi inaweza kuwa 60 kichwani. Si lazima iwe hivyo kwa kila mtu, lakini kwake ililingana mno na lile zoezi la karatasi nyeupe. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo, mwalimu, alama imenipendelea."

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaomfariji mwanafunzi kwa kumwambia namba hiyo haina maana, itasahaulika. Ni kweli haiandikwi kwenye leseni. Abiria hataiona, na mwenye ndege ya kukodi haiulizi. Kumliwaza mtu kwa hilo ni sawa. Lakini ukiishia hapo unamtuma kwa mtahini akiwa na mashimo yaleyale, safari hii bila majibu matatu ya kuchagua, na bila karatasi nyeupe ya kufunua.

Arudie au asirudie

Yeye alitaka kurudia. Aliniambia hivyo siku ileile na aliendelea kunisukuma kwa zaidi ya wiki.

Kanuni zinatofautiana kati ya aliyeanguka na aliyepita kwa alama ndogo, na watu wengi huzichanganya. Aliyepata chini ya 70 anafundishwa tena na mkufunzi, anatiwa sahihi, anarudi. Aliyepita lakini anataka alama nzuri zaidi inabidi asubiri siku 30, alipe tena, na akikubali kurudia ajue kwamba alama itakayohesabika ni ya mara ya mwisho, hata ikiwa ndogo kuliko ile ya kwanza. Ada ya mtihani ilikuwa dola 175. Kwa mtu anayelipwa kwa saa, hiyo ni zamu moja na zaidi ya kugeuza wazee, na ni karibu saa nzima ya kuruka.

Nilimwambia asirudie, na sikumbembeleza. Akirudia na kupata 90, mtahini atakuwa na kodi chache za kuuliza, kweli. Lakini angesoma kwa ajili ya nini hizo siku 30? Angerudi kwenye programu ya simu, maana ndiyo inayopandisha namba haraka. Ripoti ya maandishi inadumu miezi 24, hakuwa na haraka ya muda. Nilitaka pesa ile iende kwenye mafuta na muda ule uende kwenye ramani.

Kuna hali ambazo ningesema vingine. Mtu anayeomba ufadhili unaodai nakala ya ripoti, kwa mfano, au shule iliyoweka kiwango chake cha juu kuliko cha serikali. Yeye hakuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa na aibu, na aibu haitoshi kulipiwa dola 175.

Ramani mezani

Tulianza na E kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kodi nyingi, na kwa sababu anga ya Dallas haisamehi. Anga imegawanywa kwa madaraja yenye herufi, kila moja na masharti yake. Anga daraja B ya pale, ile inayozunguka uwanja mkuu, inapanda hadi futi 11,000, na kuingia unahitaji ruhusa iliyotamkwa wazi na muongoza ndege. Mduara wa maili 30 kuzunguka uwanja mkuu unadai transponda, kifaa cha ndege kinachoijibu rada, hata kama uko nje ya daraja B.

Nilitandaza ramani ya karatasi. Wengi sasa wanatumia tableti, lakini karatasi haikuzi picha wala haikupi majibu ukiigusa. Nikaweka ncha ya penseli juu ya mashamba fulani magharibi mwa mji, ndani ya ukanda wa rangi ya majenta, ile ya zambarau-waridi, iliyofifia inayozunguka uwanja mdogo. Nikauliza, "Uko hapa, futi 900 kutoka ardhini, mchana. Unahitaji uone umbali gani, na mawingu yawe mbali nawe kiasi gani?"

Akanipa jibu upesi: maili 3, futi 500 chini ya wingu, 1,000 juu yake, 2,000 kwa upande. Sahihi. Nikaisogeza penseli nusu inchi, nje ya ule ukanda. "Na hapa?"

Akarudia jibu lilelile.

Hapo ndipo kodi tano zilipokuwa zimejificha. Ndani ya majenta iliyofifia, anga daraja E inaanzia futi 700 juu ya ardhi. Nje yake, kwa sehemu kubwa, inaanzia 1,200. Kwa hiyo kwenye futi 900, ndani uko daraja E na unadaiwa yote hayo manne. Nje uko daraja G, na mchana unahitaji maili 1 tu na kukaa nje ya wingu. Namba zote alikuwa nazo kichwani. Hakujua zinaishi wapi kwenye ramani. Programu ilikuwa imemfundisha namba kama wimbo.

Jingine lililomkwamisha ni daraja C. Tulikuwa tukipanga safari ya Austin, ambako uwanja wa Bergstrom uko ndani ya daraja hilo. Akasema hawezi kuingia mpaka apewe ruhusa. Wengi husema hivyo, wanahamisha sheria ya B kwenda C. Daraja C linataka mawasiliano ya pande mbili yawe yameanzishwa. Muongoza ndege akikujibu kwa namba ya ndege yako na kukwambia subiri, mawasiliano yameshaanzishwa, unaweza kuendelea. Akisema tu "ndege inayoita, subiri", bila kuitaja namba yako, hujaanzisha kitu, kaa nje. Tulilicheza hilo darasani, mimi nikiwa Austin na yeye akiwa angani, mara akitajwa namba na mara asitajwe, mpaka akaacha kujikwaa.

Kwenye jambo moja nilimruhusu atumie njia ambayo wakufunzi wengine wangeikataa. Nilimwambia aeleze kila kodi kwa Kiswahili kwanza. Mtihani wa mdomo ni wa Kiingereza, sheria inamtaka rubani akisome, akiongee, akiandike na akielewe, na tulirudi kwenye Kiingereza kila mara kabla ya kufunga somo. Lakini majibu aliyoyakariri yalikuwa kwa Kiingereza. Akiyaeleza kwa Kiswahili hana pa kunakili, inabidi aelewe.

Siku tuliyofika kwenye kodi ya A, njia hiyo ilizaa jambo ambalo sikulitarajia. Sheria za Marekani zina usiku wa aina tatu. Taa za ndege lazima ziwake kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza. Saa za usiku unazoandika kwenye logibuku, daftari la safari za rubani, zinaanza utusitusi wa jioni unapokwisha, jua likiwa nyuzi 6 chini ya upeo wa macho, hadi alfajiri linapofikia nyuzi hizo kurudi. Na kubeba abiria usiku, kipindi kinachohesabika ni kuanzia saa moja baada ya jua kuzama hadi saa moja kabla ya kuchomoza. Ndani ya kipindi hicho uwe umeruka na kutua hadi kusimama kabisa mara 3 katika siku 90 zilizopita. Wanafunzi wanazivuruga hizi tatu kila mara. Yeye alizieleza kwa Kiswahili, akasita, halafu akasema, "Magharibi, washa taa. Wekundu ukififia, andika usiku. Ikikaribia Isha, kabla ya kubeba abiria jiulize kama umetimiza zako tatu."

Nimefundisha kifungu hicho miaka kadhaa na sijawahi kusikia kikipangwa vizuri hivyo. Isha na saa moja baada ya kuzama kwa jua si kitu kilekile hasa, na tukaliweka hilo sawa, lakini mpangilio wa tatu haukumtoka tena.

F ilikuwa ya jasho zaidi. Kodi zile tatu zilitokana na majedwali, na nilipomkalisha na jedwali la kurukia la 172 nikaona mara moja: alikuwa anasoma safu ya umbali wa magurudumu kuwa ardhini pale swali lilipotaka umbali wa kuvuka kizuizi cha futi 50. Tena alikuwa harudi kwenye maelezo madogo ya chini, ambako ndiko kwenye hatari. Kwa 172S yanasema upepo wa mbele unapunguza umbali kwa asilimia 10 kwa kila noti 9 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), na upepo wa nyuma unauongeza asilimia 10 kwa kila noti 2 tu. Soma tena tofauti hiyo. Upepo mdogo wa mgongoni, ambao hata bendera ya uwanja hauitikisi vizuri, unakula njia ya kurukia kuliko upepo mkubwa wa usoni unavyokusaidia.

Tukafanya hesabu ya siku yenyewe, mwezi wa nane, uwanja wetu ukiwa kwenye futi 650 hivi na joto nyuzi 38. Hewa ya kawaida kwenye mwinuko huo ingekuwa kama nyuzi 13.7. Zidi hiyo ya nyuzi 24 na kitu, mara futi 120 kwa kila nyuzi, inakupa karibu futi 2,900 za kuongeza. Ndege inajiona iko futi 3,500 na ushei, wakati magurudumu yako futi 650. Hiyo ndiyo densiti altitudi, na ndiyo sababu ndege yetu alasiri ile ilipanda kwa uvivu mpaka yeye mwenyewe akaangalia kama mafuta yamefunguliwa yote. Alikuwa amejibu swali la densiti altitudi kwenye simu mara nyingi. Siku ile aliihisi kwenye kiti.

Kodi za B na C hazikutuchukua muda. Moja ilikuwa ya ukaguzi wa ndege, nyingine ya kusoma utabiri.

Mbele ya mtahini

Nilitia sahihi alipoweza kueleza kodi zote 11 bila kitabu, kwa lugha zote mbili, na nikamwonya asiingie na sura ya mshtakiwa. Kwa kila kodi alikuwa ameandika ukurasa mmoja kwa mkono wake.

Mtahini, bwana wa makamo asiye na maneno mengi, aliitazama ripoti, akaitazama tena, akasema basi tuanze na anga. Kwa jinsi binti alivyonisimulia, alitumia muda mrefu zaidi hapo kuliko mahali pengine popote. Akaweka kidole kwenye ramani, ndani ya majenta, halafu nje. Akamuuliza kuhusu Austin. Akamuuliza usiku ni nini, na bila shaka hakusikia kuhusu Isha, lakini alipata zote tatu kwa mpangilio.

Alikwama mara moja, kwenye betri ya kile chombo cha kutoa ishara ndege ikianguka. Hakumbuki inabadilishwa lini. Akasema, "Sikumbuki, lakini najua ilipo," akafungua kitabu cha sheria mbele ya mtahini na kusoma kifungu 91.207: baada ya kutumika kwa jumla ya saa 1, au nusu ya uhai wake ikishapita. Mtahini akaitikia kwa kichwa, wakaendelea. Miezi miwili nyuma angebahatisha jibu la katikati.

Alipita sehemu ya mdomo. Wakatoka nje kwenda kwenye ndege, na kufika pale upepo ulikuwa umegeuka, unapiga ubavuni kwa noti 17 na kuzidi. Upepo wa ubavuni uliothibitishwa na watengenezaji wa ndege ile ni noti 15. Hiyo si marufuku ya kisheria, na rubani mzoefu angeweza kubishana. Yeye alisema hataruka. Mtahini akamwandikia barua ya kusitisha, ambayo inamhifadhia yale aliyokwisha kuyapita ili amalizie ndani ya siku 60, wakapangiana siku nyingine. Aliniambia kwenye simu kwamba alisita kusema, akihofia mtahini atamwona mwoga juu ya ile 73. Kwa uamuzi ule ningempa alama kubwa kuliko za mtihani wote wa maandishi, ila hakuna kodi yake.

Akarudi siku yenye upepo mpole, akaruka, akatoka na leseni ya muda mkononi. Mama aliuliza alama za safari hii ni ngapi, akaambiwa mtihani wa vitendo hauna alama, ni kupita au kuanguka. Hakuupenda utaratibu huo.

Sasa anasomea kibali cha kuruka kwa ala, yaani kwa kusoma vyombo vya ndege bila kutegemea kuona nje. Mtihani wake wa maandishi nao una maswali 60 na mpaka uleule wa 70, na ameshaanza kuniomba sahihi ya kwenda kuufanya. Juzi nilimuuliza ni lini lazima uweke uwanja mbadala kwenye mpango wa safari. Akanipa namba zote haraka: saa 1 kabla na saa 1 baada ya kufika, mawingu futi 2,000, kuona maili 3. Nikamfungulia utabiri wa Austin wa mchana ule, nikamuuliza kama sisi tulihitaji uwanja mbadala au la. Akaanza kutafuta majibu ya kuchagua. Sijatia sahihi bado.